PCR ni nini, na kwa nini siku ya homa ina maana

Mwishoni mwa 2017 kuingia 2018, chikungunya ilipozuka Mombasa, watu wazima walishuka ngazi za Mji wa Kale wakishikilia ukuta. Jina lenyewe limetoka Kimakonde na linasema hivyo hivyo: kujikunja. Khalati yangu wa Kisauni aliugua, akajikaza, akaenda kupimwa siku ya kumi. Majibu ya PCR: kirusi hakikuonekana. Akaniuliza, "Basi haya magoti yana nini?"

PCR ni njia ya maabara ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi mno, hadi kitu kilichokuwa kidogo kupita kiasi kiweze kuonekana. Sampuli hupashwa moto hadi nyuzijoto 95 hivi, na pande mbili za DNA huachana. Ikipoozwa, vipande vifupi viitwavyo praima hujibandika pale tu vinapolingana. Kisha, kwenye nyuzijoto 72, kimeng'enya, yaani protini inayofanikisha kazi za kemia, hujenga upande uliokosekana. Moja imekuwa mbili. Mzunguko ujao, nne. Ni uvumi wa talaka mtaani: kila saa, kila anayejua anamwambia mwingine mmoja tu, na bado kufikia magharibi kila nyumba inajua. Kwa hesabu, mizunguko 30 hutoa nakala zaidi ya bilioni moja.

Kinasaba cha chikungunya ni RNA, ndugu wa DNA, kwa hiyo hugeuzwa kwanza kuwa DNA.

Kazi ya kuchagua hufanywa na praima. Zikitengenezwa kwa ajili ya chikungunya, haziigusi dengi. Kwetu hilo si jambo dogo, maana magonjwa yote mawili huletwa na mbu wa Aedes, yule anayeuma mchana na kuzaliana kwenye mapipa tunayojaza maji mfereji ukikauka. Homa zake pia zinafanana. Kwa macho tu hata daktari mzoefu anaweza kukosea.

Njia hii ilibuniwa na Kary Mullis wa Marekani mwaka 1983, akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia 1993. Mwanzoni moto uliharibu kimeng'enya, ikabidi kingine kiongezwe kila mzunguko. Kilichookoa kazi ni kimeng'enya cha Thermus aquaticus, bakteria aliyegunduliwa kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone. Mimi ningempa bakteria huyo nusu ya tuzo.

Turudi kwa khalati. PCR huuliza kama kirusi kimo ndani ya sampuli hii, ya leo. Kirusi cha chikungunya kwa kawaida hukaa kwenye damu takriban wiki ya kwanza ya ugonjwa. Mwili hutengeneza kingamwili, kirusi kikatoweka damuni, lakini viungo vinaweza kuuma miezi kadhaa. Ndiyo maana aliyechelewa hutafutiwa kingamwili za aina ya IgM, ambazo huanza kuonekana karibu na mwisho wa wiki ya kwanza na kubaki kwa wiki au miezi. Siku ya pili ya homa, PCR. Siku ya kumi, IgM. Pale alipopimwa, hakuna aliyemuuliza homa ilianza lini, naye hakusema.

Alirudi akapimwa IgM, ikatoka chanya. Magoti yalimsumbua hadi Ramadhani, akawa anaswali tarawehe akiwa ameketi kitini.