Ng'ombe wa Damu: Wanuer na Ndoa ya Marehemu

Wanuer, ambao wenyewe hujiita Naath, wanaishi katika nyanda za majimaji za Sudan Kusini, pande za Bentiu, Jonglei na Nasir, na ng'ambo ya mpaka huko Gambella, Ethiopia. Wengi wetu tunawafahamu kupitia habari za vita, au kwa gaar, zile chale sita zinazovuka paji la uso wa mwanamume. Ni haki yao tujue pia jinsi jamii hii isiyo na mfalme ilivyozima kisasi.

Zamani, mtu aliyemuua mwenzake kwa mkuki hakurudi kwake. Alikimbilia kwa kuaar muon, kuhani wa ardhi avaaye ngozi ya chui. Hakula wala kunywa chochote mpaka kuhani amchanje mkono damu itoke, maana damu ya marehemu iliaminika kumwingia muuaji. Akiwa hapo, hakuguswa. Kuhani hakuwa na askari. Alikwenda na kurudi baina ya koo mbili akisihi, na mwisho akitishia laana. Wafiwa walitazamiwa kukataa kwanza, kwani kukubali upesi kungekuwa kumdharau ndugu yao. Hatimaye walipokea ng'ombe, kwa desturi 40 hadi 50, waliolipwa kidogo kidogo, pengine kwa miaka.

Ng'ombe hao hawakuwa faini. Walikusudiwa kuwa mahari. Ndugu wa marehemu alioa mke kwa jina la marehemu na kuishi naye, na watoto waliozaliwa walikuwa wa yule aliyekufa: waliitwa kwa jina lake na kuhesabiwa katika nasaba yake. Hata kijana aliyeuawa kabla ya kuoa aliachiwa uzao. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye uzito wa utamaduni wa Wanuer. Kosa la kuua lilipimwa kwa nyumba iliyokatishwa, na muuaji pamoja na ukoo wake walidaiwa kuisimamisha tena. Ndiyo maana kumwita Mnuer mpenda ng'ombe tu ni kumpunja.

Bunduki imeuvuruga utaratibu huu. Mkuki hujulikana ni wa nani. Risasi zinapofyatuliwa na kundi zima, nani atachanjwa mkono, na ukoo upi udaiwe? Vita vilivyoanza 1983, kisha vile vya Desemba 2013, viliua watu wengi mno ambao hakuna aliyewalipia, na wengine wakakimbilia mbali, hadi kambi ya Kakuma nchini Kenya. Mafuriko yaliyoanza 2019 yameizamisha malisho ya Bentiu na kuua mifugo kwa wingi. Fedha huweza kulipwa badala yake, lakini wazee husema fedha haina damu: haizai, na haiwaunganishi watu kama ng'ombe aliyetoka zizi moja kwenda jingine.