Kuhamisha ukurasa wa memori: maana yake na namna ya kufanya hivyo kwa usalama

Siku moja dukani kwa shangazi, Kondele, Kisumu, nilikuwa nanakili daftari la madeni lililoloweshwa na mvua. Nimeshafika katikati ya ukurasa, mteja akaja kulipa shilingi 200. Shangazi akaziandika kwenye ukurasa wa zamani, mstari wa pili, ambao nilikuwa nimeshaupita. Daftari jipya likamdai mteja yule deni alilokwisha kulipa.

Hatari hiyo hiyo huikabili keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inapohamisha ukurasa wa memori.

Memori hugawanywa vipande sawa viitwavyo kurasa; kwenye kompyuta nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Programu haijui ukurasa wake umekaa wapi hasa kwenye chipu. Ina anwani tu, na jedwali la kurasa ndilo linaloonyesha anwani hiyo inaelekea wapi. Ndiyo maana ukurasa unaweza kuhama na anwani isibadilike. Linux, mojawapo ya mifumo endeshi, hufanya hivyo tangu 2006, mara nyingi kwa ajili ya nafasi: kurasa tupu zipo, lakini zimetawanyika, na zinatakiwa 512 zilizofuatana ili kupata ukurasa mkubwa mmoja.

Kwanza keneli huufunga ukurasa. Kisha hutafuta kila jedwali linaloelekea hapo, maana programu kadhaa huweza kuutumia kwa pamoja, na kuweka alama ya "unahamishwa". Tena kila prosesa, yaani chipu inayoendesha programu, hulazimishwa kusahau mahali pa zamani ilipokuwa imepakariri. Ikibaki moja inayokumbuka, itaendelea kuandika kule kwa zamani. Programu itakayogusa anwani hiyo wakati huo husubirishwa. Ni kama kumwomba shangazi aweke kalamu chini kwanza. Hapo ndipo yaliyomo hunakiliwa, majedwali yakaelekezwa upya, na waliosubiri wakaendelea.

Kabla ya kunakili, keneli huhesabu wanaoushikilia ukurasa. Wakizidi wale inaowajua, huacha, hurudisha majedwali kama yalivyokuwa na kujaribu baadaye. Huenda kadi ya mtandao inamimina data humo moja kwa moja bila kupitia jedwali, na hiyo haiwezi kusubirishwa. Kwangu mimi, huko kukubali kuacha ndiko kunakostahili sifa kuliko kunakili kwenyewe.

Kurasa nyingi za keneli yenyewe hazihami kabisa, kwa kuwa anwani zake zimefungamana moja kwa moja na mahali zilipo kwenye chipu. Linux hujitahidi kuziweka upande wake, mbali na zinazohamishika.