Kipunji wa Rungwe: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kipunji aligunduliwa na wazungu mwaka 2003." Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Wawindaji wa Kinyakyusa walimfahamu kima huyu tangu zamani, na jina ni lao. Watafiti walizisikia habari zake kwa wenyeji wa Mlima Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, wakadhani huenda ni mnyama wa hadithi, mpaka wakamwona kwa macho mwaka huo wa 2003. Kilichotokea 2005 ni kumtangaza rasmi kwenye sayansi.

"Ni kima kama kima wengine." Kwa sura, sawa: mkia mrefu, shungi kichwani, manyoya marefu ya kahawia. Lakini mwaka 2005 kijana mmoja wa kipunji alikutwa amekufa mtegoni shambani, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha kuwa ndugu zake wa karibu ni nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) yake peke yake, Rungwecebus. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima tangu 1923.

"Misitu yake imehifadhiwa, kwa hiyo yu salama." Ni kweli msitu wa Livingstone umo katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, na Rungwe nayo ni hifadhi ya mazingira asilia. Hata hivyo, sensa iliyotangazwa 2008 ilihesabu kipunji 1,117 tu. Kati yao, 75 walikuwa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, umbali wa kilomita 350 hivi, wasioweza kabisa kuwafikia wenzao. Na hata hao wengine, wa Rungwe na Livingstone, wako hatarini kutenganishwa, maana ukanda wa Bujingijila unaounganisha Rungwe na Livingstone ni mwembamba na umeliwa na mashamba, mbao na mkaa. Kipunji ni mnyama wa juu mitini. Miti ikikatika katikati, kundi linabaki kuzaliana lenyewe kwa lenyewe, hata kama kibao cha hifadhi bado kimesimama.

"Tupande miti tu." Ipi? Misonobari na mikaratusi haimlishi. Anataka matunda, majani na magome ya miti ya asili.

"Ni mwizi wa mahindi." Hapa sibishi sana. Anakula, na mkulima ana haki ya kukasirika. Ila mtego hauchagui, na shamba la mahindi lililosogezwa hadi ukingoni mwa msitu linaalika wezi wa kila aina. Rungwe ni nchi ya chai. Ukingoni pale ningeanza na chai, isiyomvutia mwizi huyu.