Maana ya kumbukumbu za uuguzi

Kumbukumbu za uuguzi ni maandishi ambayo muuguzi anaweka kwenye faili la mgonjwa kueleza alichokiona, alichofanya, saa ngapi, na mgonjwa aliitikiaje. Ndani yake mna chati ya joto, mapigo, upumuaji na presha, karatasi ya dawa, chati ya maji yanayoingia na kutoka mwilini, pamoja na maelezo ya kila zamu. Tanzania wengi huzichanganya na vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. MTUHA inahesabu wagonjwa ili wilaya na wizara zipange huduma. Faili linamhusu mtu mmoja, na haliandikwi kwa ajili ya takwimu.

Kipimo cha kumbukumbu nzuri ni kimoja: je, anayeingia zamu ya usiku anaweza kuisoma akajua la kufanya bila kumpigia simu aliyeondoka? "Mgonjwa anaendelea vizuri, dawa amepata" inafeli hapo hapo. Vizuri kwa vipi, na dawa ipi?

Chukua mama aliyetoka kujifungua. Kuandika "anatokwa damu kiasi" hakumsaidii mtu. Linganisha na hii:

"15:40. Presha 90/60, mapigo 118. Pedi 2 zimelowa kabisa tangu 15:00. Mfuko wa uzazi ni laini. Nimeusugua, nimemwita daktari 15:42. Oksitosini uniti 10 msulini 15:45 kwa agizo lake. 16:00: mapigo 104, presha 100/64, mfuko umekaza, pedi mpya ina doa dogo."

Mistari michache tu, lakini tatizo limo, hatua zimo (oksitosini ni dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), na matokeo yamo. Matokeo ndiyo yanayosahaulika zaidi: sindano ya maumivu inaandikwa, ila hakuna anayerudi kuandika kama maumivu yalipungua.

Saa nayo ina mtego wetu wenyewe. Tukisema saa 2 usiku tunamaanisha 20:00. Muuguzi akiandika "saa 2" bila kingine, mwenzake anaweza kusoma 02:00, tofauti ya saa 6 kamili. Kwa dawa ya kila saa 6, dozi iliyotolewa 20:00 itaonekana ndiyo ile ya 02:00, na mgonjwa ataruka dozi. Andika kwa mfumo wa saa 24 siku zote, hata kama mdomoni mnasema vingine.

Namba za dozi zinataka uangalifu uleule. Insulini "4U" iliyoandikwa haraka husomeka 40, kwa hiyo andika neno "uniti" kwa ukamilifu. Nusu miligramu ni 0.5, siyo .5, maana nukta ikififia inakuwa 5. Na miligramu 1 isiandikwe 1.0, isije ikasomwa 10.

Kwenye karatasi ya dawa, saini inawekwa baada ya mgonjwa kumeza au kuchomwa. Wapo wanaosaini safu nzima mwanzoni mwa zamu ili kuokoa muda. Mgonjwa akitapika au dawa ikikosekana, karatasi inadai amepewa. Kinyume chake nacho ni hatari: umetoa, hukusaini, zamu inayofuata inatoa tena. Dawa isipotolewa, andika sababu.

Chati ya maji ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. "Amekojoa mara 2" siyo kipimo. Mtu mzima anatarajiwa kutoa mkojo angalau mililita 0.5 kwa kila kilo kwa saa. Mwenye kilo 60 ni mililita 30 kwa saa, yaani 360 kwa zamu ya saa 12. Bila jagi la kupimia na namba, figo zinazoanza kushindwa hazitaonekana mapema. Upumuaji nao: wodi ambayo kila mgonjwa anapumua mara 20 kwa dakika ni wodi ambayo hakuna aliyehesabu. Hesabu sekunde 60 nzima.

Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, andika sahihi pembeni, weka saini, tarehe na saa. Usifute kwa rangi nyeupe wala kuchana karatasi. Ulichosahau unaweza kukiandika baadaye, ukionyesha saa kilipofanyika na saa unapoandika.

Wauguzi wengi wanayajua haya tangu chuoni. Yanayokwamisha ni wodi yenye wagonjwa wengi na muuguzi mmoja, fomu kuisha, na mazoea ya kuandika kila kitu mwisho wa zamu kwa kukumbuka. Kompyuta imeondoa shida ya mwandiko mbaya tu. Saa inayowekwa na mfumo ni ya kuingiza taarifa, si ya kutoa huduma, hivyo saa halisi bado uiandike. Na ukimwazima mwenzako nywila yako, atakachokosea kitabaki kwenye jina lako.