Je, wajua kwa nini Mwislamu mwenye hasira huambiwa aketi?

Katika mitaa ya Nairobi yenye Waislamu wengi, kama vile Eastleigh na Pumwani, si ajabu kumsikia mzee akimwambia kijana aliyepandwa na mori: "Kaa kitako kwanza." Maneno hayo si busara ya uzee tu, kwani chimbuko lake ni hadithi, yaani mapokezi ya maneno ya Mtume Muhammad (S.A.W.), iliyopokewa na sahaba wake Abu Dharr, isemayo kwamba anayeghadhibika akiwa amesimama na aketi, na hasira isipomtoka, basi alale chini.

Kwa nini kuketi, ilhali hasira i moyoni wala si miguuni? Mwanachuoni al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, alieleza kwamba aliyesimama yu tayari kusogea na kupiga, aliyeketi yu mbali kidogo na jambo hilo, na aliyelala amezuilika kabisa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye uzito wa mafundisho haya: kabla ya kumtafutia utulivu mwenye hasira, yanamkinga yule aliye mbele yake. Ulimi nao haukusahauliwa, kwa kuwa hadithi nyingine inamwamuru aliyeghadhibika anyamaze, na nyingine inamtambulisha Mwislamu kuwa ni yule ambaye Waislamu wenzake wamesalimika na ulimi wake na mkono wake.

Inasimuliwa kwamba Abu Dharr mwenyewe alikuwa akinyweshea kwenye hodhi lake, mtu akaja akalivunja. Akaketi, kisha akalala, na alipoulizwa sababu akaitaja hadithi hiyo. (Kulala chini katika kituo cha matatu kwa sababu kondakta amekataa kurudisha chenji ni shida, lakini kunyamaza kunawezekana.)

Haya hayamaanishi kwamba anayeshambuliwa amekatazwa kujitetea. Qurani, sura ya 2 aya ya 190, inaruhusu kupigana na wanaowapiga vita Waislamu, na papo hapo inakataza kupita mipaka. Nayo aya ya 134 ya sura ya 3, inapowasifu wachamungu, baada ya kuwataja watoao mali inawataja wanaozuia ghadhabu, kisha wanaowasamehe watu, na kumalizia kwamba Mwenyezi Mungu huwapenda wafanyao wema. Kijana aliyeketishwa na mzee, basi, amezuia ghadhabu tu. Kusamehe na kutenda wema vingali mbele yake.