Dai: kwa nini sayari uliyoiteka wewe inakwenda kwa mshirika

"Kaka, askari nimeshusha mimi, mbona sayari imekuwa yake?" Mdogo wangu mmoja tunayecheza naye gemu hapa Kirumba, Mwanza, aliniuliza hivyo usiku vita vilipoisha. Aliumia kweli, na alikuwa na haki ya kuumia. Jibu lake ni neno moja: dai.

Katika Stellaris, gemu ya kujenga dola angani ya kampuni ya Paradox iliyotoka mwaka 2016, dai ni tamko unaloweka kabla ya vita kwamba mfumo fulani wa nyota, yaani nyota pamoja na sayari zake, unautaka uwe wako. Unalilipia kwa ushawishi, ile rasilimali inayoingia kidogokidogo kama maji ya bomba la mgao. Kushika sayari ni jambo jingine kabisa. Unavunja kituo cha angani, manowari zinaipiga sayari mpaka ulinzi wake ulegee, ndipo zinashuka meli za kubeba askari. Meli hizo ni dhaifu mno. Zikitangulia manowari, zinateketea njiani na jeshi lote ndani. Mdogo wangu alipoteza kundi zima namna hiyo, akaunda jingine, akaiteka sayari. Dai hakuwa nalo. Mshirika wake alikuwa nalo, ingawa hakushusha askari hata mmoja.

Wanaovua dagaa hapa mwaloni wangemwelewa upesi: wavu umevuta wewe, lakini mgao ulipangwa kabla mtumbwi haujaingia ziwani.

Tena jambo hili limewahi kutokea kwenye ardhi yetu. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliiteka Mwanza kutoka kwa Wajerumani, wakitokea ziwani. Washirika wao Wabelgiji walikuwa wanashuka kutoka upande wa Kongo, na Tabora wakaingia wao, tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Lakini mgawanyo ulipokamilika baada ya vita, Tabora ilikuwa ya Mwingereza, na Mbelgiji akapewa Ruanda na Urundi. Damu ilimwagwa mahali pamoja, malipo yakatoka mahali pengine. Ndiyo maana sikubali mtu akisema kanuni hii ya gemu imebuniwa tu kuwakera wachezaji.

Ugumu unazidi washirika wawili wanapoudai mfumo mmoja. Hapo anatazamwa mwenye madai mengi zaidi juu ya mfumo huo, kwa sababu dai linaweza kurundikwa juu ya dai, na kila la ziada linakula ushawishi. Mshirika aliyekaa kimya miaka ishirini ya gemu akirundika madai anaweza kukupita bila kurusha risasi.

Halafu kuna kiongozi wa vita. Kila upande una mmoja, na huyo ndiye anayefanya mapatano. Uchovu wa vita, yaani kipimo cha jinsi upande wenu ulivyochoshwa na vita, ukifika asilimia 100, baada ya muda adui anaweza kuwalazimisha mkubali amani ya kila mtu kubaki na alichoshika. Kinachohesabika hapo ni mfumo ulioshikwa wote: kituo cha angani pamoja na kila sayari yenye wakazi, na uwe na mwenye dai. Ikibaki sayari moja haijatekwa, mfumo mzima unarudi kwa adui, hata kama manowari zako zimeuzunguka.

Vita vya maangamizi havifuati utaratibu huu. Humo mfumo unahama papo hapo unaposhikwa, wala dai halihitajiki. Lakini si kila dola inaweza kuvianzisha.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujatangaza vita tena, fungua ramani ya madai. Tazama yako, kisha ya mshirika wako. Ukikuta yake yamelala juu ya sayari unayoitaka, ongeza yako sasa hivi, maana ukishavamia, gemu haikuruhusu tena kuongeza; wakati wa vita nafasi hiyo anabaki nayo anayejilinda.