Mshipa wako uko wapi? Miguu, vilango na tiba zake

Lamu mtu akikwambia "nina mshipa", usikimbilie kumtazama miguu. Huenda ana ngiri. Huenda ni busha, na haya zimemzuia kulitaja kwa jina. Wengine mshipa wao uko mgongoni, wengine shingoni. Ndiyo maana kila nikikaa kliniki swali langu la kwanza ni moja: mshipa wenyewe uko wapi?

Leo nasema na wale wa miguuni. Ile mishipa inayotokeza chini ya ngozi ikajipinda kama kamba iliyotupwa sakafuni, buluu au kijani, na ambayo sisi wa kazi hii huiita vena varikosi. Nimeanza kuandika haya baada ya mama mmoja wa Langoni, mpishi wa mahamri, kuniruhusu nisimulie habari za mguu wake mradi nisimtaje. Zaidi ya miaka ishirini amesimama mbele ya karai tangu kabla ya alfajiri. Alipopandisha dera niliona mshipa umeshuka kutoka ndani ya paja la kushoto, ukapita kando ya goti, ukajikusanya kwenye shavu la mguu kama fundo.

"Guu hili lauma, mwanangu. Asubuhi ni jepesi, jioni ni kama nimefungwa nanga."

Maneno hayo peke yake ni nusu ya uchunguzi. Mguu unaoamka mwepesi ukalala mzito ni mguu ambao damu inautuamia.

Moyo husukuma damu kwenda miguuni, lakini kuirudisha juu ni kazi nyingine. Damu ya kifundoni lazima ipande zaidi ya mita moja ili ifike kifuani, na inayoisukuma ni misuli ya shavu la mguu. Kila hatua, misuli inabana na damu inapanda. Ukilegeza hatua, ingeporomoka tena kama si vilango vilivyomo ndani ya mishipa. Fabricius, mwalimu wa utabibu wa Padua huko Italia, alichapisha maelezo yake mwaka 1603 na akaviita hivyo hivyo, vilango vidogo. Mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, ndiye aliyeonyesha mwaka 1628 maana yake: damu inapita upande mmoja tu.

Unaweza kurudia jaribio la Harvey hapo ulipo. Funga leso juu ya kiwiko, usikaze sana, mpaka mishipa ya mkono ijae. Utaona vinundu vidogo hapa na pale. Hivyo ndivyo vilango. Bana mshipa kwa kidole karibu na kifundo cha mkono, kisha kwa kidole kingine usukume damu kupanda mpaka upite kinundu kimoja, uachie. Kipande cha chini kitabaki kitupu. Damu ya juu haishuki. Achia kidole cha kwanza uone kinavyojaa kutoka chini.

Kila kilango kina mbao mbili, kama mlango wa Lamu. Mlango wetu ukifungwa, mbao zinakutana katikati kwenye mfaa na hakuna kinachopita. Sasa fikiria miimo imetanuka. Mbao ni zile zile, hazijavunjika, lakini hazifikiani tena. Ndivyo mshipa unavyoharibika: ukuta wake unalegea, unapanuka, vilango havikutani, damu inavuja kurudi chini na kukipanua kipande kinachofuata. Kinachoonekana shavuni mwa mguu mara nyingi ni tope tu. Bomba linalovuja liko juu, pajani au kwenye kinena. Anayetibu fundo peke yake atalitibu tena mwakani.

Kwa nini wewe na si jirani yako? Urithi ndio unaobeba mzigo mkubwa. Mama wa mahamri alinijibu kabla sijauliza kwamba mamake alikuwa na mguu kama huo huo. Umri unaongeza, unene unaongeza, kazi ya kusimama mahali pamoja inaongeza. Mimba nayo, kwa kuwa homoni zake hulegeza kuta za mishipa, damu huongezeka mwilini na tumbo hukandamiza mishipa ya nyonga. Iliyotokea wakati wa mimba mara nyingi hupungua miezi michache baada ya kujifungua, kwa hiyo mjamzito simtibu, namsubiri. Kukunja nne, awe mwanamume au mwanamke, hakuna kosa hapa. Na kusimama si sawa na kutembea. Mtu aliyesimama tuli ana shinikizo la milimita 90 hivi za zebaki kwenye mishipa ya kifundoni. Akianza kutembea, na vilango vyake ni vizima, linashuka chini ya 30. Mji usio na magari una faida zake.

Mguu uliovimba Pwani una jambo jingine la kuliangalia, nalo ni matende. Ugonjwa huu upo kwetu, Lamu na Malindi zote, na kwa miaka nimeona watu wakichanganya hali hizi mbili. Uvimbe wa mishipa hupungua ukilala miguu juu. Wa matende yaliyokomaa haupungui, ngozi inakuwa nene, na ukijaribu kuifinya kwa vidole viwili kwenye mzizi wa kidole cha pili cha mguu, haifinyiki. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma shavuni na kuwa moto, usingoje kliniki. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda katika mishipa ya ndani. Donge likikatika likaenda mapafuni, linaua.

Nilimsimamisha mama, nikampaka jeli, nikaweka kidude cha ultrasaundi kwenye kinena. Nikabana shavu la mguu kwa mkono: skrini ikawaka rangi ya buluu, damu ikapanda. Nikaachia. Skrini ikageuka nyekundu na kubaki nyekundu. Kwenye mishipa hii iliyo karibu na ngozi, damu ikirudi nyuma kwa zaidi ya nusu sekunde tunahesabu kuwa kilango kimeshindwa. Yake ilirudi sekunde tatu, na mashine ilitoa sauti ya maji yanayomwagika jabiani. Alisikia mwenyewe. Sikuwa na haja ya kueleza zaidi.

Sasa tiba, nami naanza na soksi kwa sababu ndizo kila mtu huzitaja. Soksi za kubana zinapunguza uzito na uvimbe. Haziponyi kilango. Ukizivua, hali ni ile ile. Mwongozo wa madaktari wa Uingereza wa mwaka 2013 unasema wazi kwamba zisiwe tiba ya mishipa hii isipokuwa pale tiba nyingine haimfai mgonjwa. Na kusema kweli, nani Lamu atavaa soksi za goti chini ya buibui mwezi wa Februari? Nimeziandika mara nyingi na kuzikuta kabatini mara nyingi zaidi. Kuna soksi nyingine ambayo ni ya bure. Ukitembea baharini maji yakiwa kiunoni, maji yanaukandamiza mguu, na zaidi kadiri unavyoenda chini. Kifundoni, mita moja chini ya uso wa maji, ni kama milimita 75 za zebaki, wakati soksi ninazoandika zaidi ni za 20 hadi 30. Nusu saa ya kutembea ufuoni Shela jioni inatuliza mguu mzito kuliko vidonge vingi. Ila mwenye kidonda asiingie.

Na soksi zina hatari yake. Nilipokuwa mchanga katika kazi, hospitali ambayo siitaji, nilimpa soksi kali mzee mwenye kisukari bila kumpima mapigo ya damu miguuni. Mishipa yake ya kuteremsha damu, yaani ateri, ilikuwa imekwisha kusinyaa. Wiki ya pili alirudi na kidole cheusi. Tangu siku hiyo sibani mguu wowote, kwa soksi wala bandeji, kabla sijapima presha ya kifundoni na kuilinganisha na ya mkononi.

Tiba zinazofuata zote zina nia moja: kuufunga mshipa unaovuja au kuutoa. Hapo ndipo mama aliponiuliza swali ambalo karibu kila mgonjwa huuliza. "Ukiuziba, damu itapita wapi?" Itapita ndani. Mishipa ya ndani, katikati ya misuli, ndiyo inayobeba karibu asilimia 90 ya damu inayorudi. Ule wa karibu na ngozi ulioharibika hausaidii tena, unarudisha nyuma kazi ya wenzake. Madaktari wa moyo hutoa mshipa huu huu, ukiwa mzima, na kuushona moyoni pale ateri za moyo zinapoziba, na mguu unaendelea na maisha yake.

Njia ya kuunguza kutoka ndani ndiyo inayotangulizwa siku hizi. Sindano inaingia karibu na goti, uzi mwembamba unapitishwa mpaka karibu na kinena kwa kuongozwa na ultrasaundi, kisha maji ya chumvi yenye ganzi yanamiminwa kuuzunguka mshipa wote. Maji hayo yanaubana mshipa na kuikinga ngozi na neva zisiungue. Kwa leza, mwanga ndio unaounguza. Kwa mawimbi ya redio, ncha inapata joto la nyuzi 120 na kuunguza kipande cha sentimita 7 kwa sekunde 20, ikivutwa chini kipande baada ya kipande. Mgonjwa yuko macho, anazungumza, na anatoka kwa miguu yake. Tatizo ni mashine: kwa mtu wa Lamu hiyo ni safari, mara nyingi ya Nairobi, na bei yake. Uliza bima yako mapema nini inalipia, iwe SHA ya serikali au nyingine.

Povu ndilo ninaloweza kubeba kwenye mkoba. Dawa ya maji inachanganywa na hewa kwa mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa, inasukumwa huku na huku mpaka iwe nyeupe kama povu la sabuni. Ikiingia mshipani inaisukuma damu pembeni, inaunguza utando wa ndani, na kuta zinashikana. Haihitaji umeme mwingi wala chumba cha upasuaji. Lakini mshipa mkubwa una uwezekano mkubwa wa kufunguka tena kuliko ule uliounguzwa, na ngozi inaweza kubaki na alama ya kahawia miezi mingi.

Upasuaji wa zamani, kuufunga mshipa kwenye kinena na kuung'oa, bado upo na daktari mzoefu anaufanya vizuri. Utaachwa na michubuko na pengine ganzi kando ya muundi. Gundi ya kufungia mshipa ipo pia. Haihitaji ile ganzi ya maji, ingawa baadhi ya miili inaikataa. Yale mafundo madogo huvutwa kwa kindoano kupitia vitundu vya milimita mbili tatu. Vile vimishipa vyekundu kama utando wa buibui ni suala la urembo, sivigusi mpaka nijue juu hakuna kinachovuja.

Kidonda kinastahili nafasi yake. Kinatokea juu ya kifundo, upande wa ndani, baada ya ngozi kuwa nyeusi na ngumu kwa miaka, na ninakikuta kimemwagiwa mrututu, unga wa kapsuli, asali, vyote kwa pamoja. Kidonda hiki kina njaa ya damu safi, na juu yake imetuama damu chafu. Bandeji ya kubana, ikishapimwa kuwa ni salama, ndiyo dawa yake kuu. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2018, wenye wagonjwa 450, ulionyesha kwamba walioongezewa kufungwa mshipa mapema walipona kwa siku 56 hivi, na waliocheleweshewa walichukua 82. Nikimwona mtu mwenye kidonda cha miaka mitatu ambaye hajawahi kuwekwa kwenye ultrasaundi, siwezi kuficha hasira yangu.

Jambo moja la nyumbani, lisomwe na wote waliomo. Mshipa uliotokeza unaweza kupasuka kwa kujikwaruza tu, na damu ikaruka. Nimesikia watu wakimkalisha mgonjwa kitini na kumkaza kamba juu ya goti. Hivyo inatoka zaidi. Mlaze chini, inua mguu juu ya moyo wake, kandamiza palepale kwa leso safi dakika kumi bila kuchungulia. Inakoma, kisha mpelekeni hospitali. Na chuku au hijama, tafadhali, isipigwe juu ya mshipa huo.

Mama wa mahamri hakutaka safari. Nani angesimama kwenye karai? Nilimweleza kwamba leza ni bora kwake, nikamweleza udhaifu wa povu, akachagua povu. Nilimfunga bandeji na kumwamuru atembee mpaka forodhani na kurudi. Wiki tatu baadaye alinipigia simu kwa hofu kwamba mshipa umekuwa mgumu kama ukamba. Hiyo ndiyo ishara tuliyoitaka, nilimwambia, damu imegandia ndani ya mshipa uliofungwa na mwili utaila polepole.

Kliniki iliyofuata alifika na mahamri yaliyofunikwa kwa kawa, na nyuma yake mzee mmoja akiinamisha kichwa.

"Daktari, huyu jirani yangu. Naye ana mshipa."

Niliomba mama atupishe kidogo, nikafunga mlango, nikamuuliza mzee uko wapi. Akashika kinena. Nikamwandikia barua ya kwenda kwa mpasuaji wa ngiri.